UZI MAALUMU: Wenye seliaki na wasiokula ngano, mkija Dar au mkisafiri kutoka Dar, mle wapi na muulize nini

Mleta uzi

Habari za wakati huu wadau. Nimeombwa mara nyingi niandike jambo hili, na kwa kuwa msimu wa watu kusafiri unakaribia, naona niliweke hapa kwa urefu ili mwenye kulihitaji alikute mahali pamoja.

Binti yangu ana ugonjwa wa seliaki. Kwa wasioujua, gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (ile nafaka ya nchi za baridi). Mwenye seliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake inageuka na kushambulia utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vya ndani vinavyonyonya chakula vinaharibika, hivyo mtu anakula vizuri tu lakini mwili haupati kitu. Kuna anayeharisha, kuna anayejaa tumbo, kuna mtoto asiyeongezeka urefu, na kuna ambaye dalili yake pekee ni damu kupungua kila akipimwa, hata ale matembele na maini kila siku. Hakuna kidonge cha kuutibu. Dawa ni kuacha gluteni maisha yote, na kuacha maana yake kuacha, siyo kupunguza.

Watu wakisikia hivyo wanadhani mgonjwa akifika Dar atashinda njaa, au itabidi ale kwenye mahoteli ya kitalii ya Masaki tu. Mimi nasema kinyume, na ndiyo sababu ya uzi huu. Jiji hili limejaa chakula kisicho na gluteni tangu shambani: ugali wa sembe na dona, wali, ndizi, mihogo, magimbi, viazi vitamu, makande, ulezi, mtama, uwele, maharage, kunde, choroko, samaki, pweza, kuku, nyama, mboga zote za majani, nazi. Mama ntilie wa Buguruni ana vyakula vingi salama kuliko mgahawa wa baga. Shida inaanzia kwenye karai, kwenye meza, kwenye vidole vya anayepakua na kwenye mashine ya kusaga, maana huko ndiko ngano inakoingia kwenye chakula kisicho chake bila mtu kuiona.

Na isidhaniwe ni kuchagua kupita kiasi. Utafiti ulionyesha miligramu 50 tu za gluteni kwa siku, mtu akizila kwa miezi mitatu, zinatosha kudhuru utumbo wa mgonjwa. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu, siyo miligramu. Kwa hiyo makombo ya chapati yaliyobaki kwenye sahani yana uzito wake.

Nianze na mafuta, maana ndiko wengi wanakoumizwa. Chipsi ni viazi na mafuta, ukizitazama hivyo hazina neno. Lakini kwenye kijiwe cha chipsi karai ni moja au mawili. Asubuhi zimepita sambusa, mchana soseji (soseji nyingi huchanganywa unga wa ngano ili zishikane), jioni kuku aliyepakwa unga. Wengine wanasema moto wa mafuta unaua. Moto unaua kijidudu, na gluteni siyo kijidudu. Inabaki kwenye mafuta na inarudi kwenye viazi vyako.

Kwa hiyo ukifika kijiweni usiulize kama chakula kina gluteni. Kijana atakujibu hapana kwa moyo safi kabisa, kwa sababu hajawahi kuisikia. Muulize hivi: "Kaka, mafuta haya leo mmekaangia nini?" Hilo kila mkaangaji analijua, na atakuhesabia moja baada ya jingine. Muulize anayekaanga mwenyewe, siyo anayepokea oda. Kisha sogea utazame karai. Ukiona chini kumetulia mashapo ya unga na chenga za kahawia zinazozunguka chipsi zikitumbukizwa, shukuru uondoke.

Cha kuchoma ndicho rafiki yetu. Mishkaki ikiwa ni nyama, chumvi, ndimu, tangawizi na papai bichi la kulainishia, hiyo ni salama. Uliza tu kama wameweka sosi ya soya, kwa sababu soya nyingi za chupa zinatengenezwa pamoja na ngano, na siku hizi imeingia sana kwenye kuku wa kuchoma. Ndizi za kuchoma, mahindi ya kuchoma, mihogo ya kuchoma ya Coco Beach na kachumbari yake, pweza wa jioni na supu yake, mchemsho wa samaki au wa kuku wenye ndizi na viazi ndani, mtori. Kwa mchemsho naweka mkono wangu motoni: unaona kila kilichomo, na kila kilichomo kimetoka shambani au baharini.

Mahoteli makubwa yenye bafe msiyaamini kwa ukubwa wake. Kuna hoteli moja hapa mjini, siitaji, mhudumu alituhakikishia kuwa rosti ya kuku haina ngano. Baadaye mpishi mwenyewe akaeleza kwamba hunyunyiza unga kwenye kuku kabla ya kuwageuza, rosti ishike. Binti alilala siku nzima amejikunja. Mhudumu hakusema uongo, alisema alichodhani. Kwenye bafe tunamwita mpishi, na upawa unaochotea mchuzi mmoja kuingizwa mwingine tunautazama kwa macho yetu.

Karibuni muulize. Wenye uzoefu ongezeni.

Mdau wa Mwanza

Dada, Mungu akubariki. Mimi nilipimwa huku nikaambiwa ni seliaki, na mwezi ujao naletwa Muhimbili kwa kliniki. Nitafikia gesti maeneo ya Kariakoo. Mchana na usiku nimekuelewa. Hofu yangu ni asubuhi. Kila kibanda ninachokumbuka pale ni chapati, maandazi, na chapati tena.

Mleta uzi

Pole kaka, na karibu sana. Asubuhi ya Dar ina njia zake. Tafuta wenye supu, wapo kuanzia mapema: supu ya ng'ombe, ya mbuzi, kongoro, utumbo. Agiza na ndizi za kuchemsha au mihogo. Supu nzuri ya kwetu haikorogwi unga, ni mchuzi wa mifupa, ndimu na pilipili. Mwambie mapema asikuwekee chapati kwenye sahani hata kama ndiyo mazoea, na akishaiweka usikubali aiondoe tu, omba sahani nyingine.

Kuna kina mama wanaouza mihogo ya nazi, viazi vitamu na magimbi ya kuchemsha kwenye ndoo zenye mifuniko. Hao ndio wako. Mayai ya kuchemsha yenye ganda lake hayana shaka popote duniani.

Vitumbua, hapa niwe mkali kidogo. Kitumbua cha asili ni mchele wa kuloweka, nazi, sukari, iliki na hamira. Lakini wapo wanaoongeza unga wa ngano ili donge lishikane na mchele usitumike mwingi. Muulize muuzaji. Anayepika kwa mchele mtupu anajivunia hilo, atakueleza hadi saa aliyouloweka.

Uji pia. Uji wa ulezi mtupu, wa mchele au wa sembe ni salama. Uji wa lishe ndio wa kuogopa, kwa sababu ni mchanganyiko wa nafaka nyingi na ngano mara nyingi imo. Hospitalini huwa wanapita nao, na mgonjwa anapewa kwa nia njema kabisa. Mwambie nesi wa wodi siku ya kwanza, na aliyekusindikiza ajue hivyo hivyo.

Bagia za dengu au kunde zenyewe ni sawa, shida ni karai tena. Na vile vinywaji vya unga vya chokoleti vya kuchanganya na maziwa, soma kopo: vingi vina kimea cha shayiri.

Mama lishe wa Ilala

Salaam kwa wote. Mimi ni mama lishe, napika Ilala, mwanangu ndiye aliyenisomea uzi huu na ndiye anaandika ninayosema. Dada umesema kweli tupu. Ngoja niwaeleze jiko linavyokwenda, ili mjue saa ya kuja.

Saa kumi alfajiri nakanda ngano ya chapati na maandazi. Meza ni moja. Unga unapaa, unatua kwenye mifuniko ya masufuria, kwenye kanga niliyojifunga, kwenye mikono hadi viwiko. Maandazi yanatangulia kwenye karai. Yale mafuta siyamwagi, bei ya mafuta mnaijua, yanakaa yakingoja samaki wa mchana. Samaki wangu simpaki unga hata siku moja, ila ameogelea mafuta ya maandazi. Mteja akiniuliza "samaki ana ngano?" nitamjibu hana, na nitakuwa nimesema kweli kadiri ya nilivyoulizwa. Ndiyo maana huyu dada anawaambia muulize mafuta.

Maharage yangu yanachemka tangu usiku kwenye sufuria lake, ni kitunguu, nazi na chumvi. Wali una sufuria lake. Mwiko wa ugali haugusi kitu kingine, maana ugali ukichukua harufu ya mchuzi wateja wanaurudisha. Mchicha, kisamvu, matembele, hamna ngano humo. Hatari iliyobaki ni mkono. Ikifika saa saba foleni imejaa, msichana anayepakua anaishika chapati kwa vidole, anaikunja, anaitia kwenye sahani ya mtu, halafu vidole hivyo hivyo vinachukua kipande chako cha samaki. Mimi mwenyewe sikuwahi kuliona hilo kama jambo mpaka niliposomewa hapa.

Mchuzi nao. Nyanya zikipanda bei, wako kati yetu wanaokoroga kijiko cha ngano kwenye maji wanamimina sufuriani ili mchuzi uwe mzito. Mchuzi wa nyanya na nazi unaachia mafuta juu na ukiuinua unamwagika. Wa unga unang'aa kote sawasawa na unaburuzika kwenye upawa kama ute wa bamia. Ukiuona hivyo, uliza.

Na neno moja la mwisho. Mkifika msianze na "nina ugonjwa". Wapishi wengine wakisikia ugonjwa wanarudi nyuma, wanaogopa wateja wengine watasikia. Semeni: "Mama, ngano inanidhuru, hata chembe, naomba unipakulie mwenyewe kwa kijiko kisafi." Hakuna mama atakayekataa hilo ukija kabla watu hawajajaa. Saa tano na nusu ni nzuri.

Mleta uzi

Mama yangu, ahsante mno. Hayo ya mkono na ya saa ya kuja nilikuwa sijayaeleza, na hakuna angeyaeleza kama wewe. Wadau someni tena posti hiyo hapo juu, ina thamani kuliko yangu.

Mdau wa Temeke

Samahanini, sipingi kwa ubaya. Lakini hivi huu siyo ugonjwa wa Wazungu? Babu zetu wamekula maandazi wakafika miaka tisini. Isije ikawa watu wanaogopeshwa wakaanza kununua mikate ya bei mbaya kwa sababu ya mtindo wa mitandaoni.

Nesi

Kaka wa Temeke umeuliza vizuri, na nusu ya hofu yako ni ya haki. Mtu asiye na tatizo hana sababu ya kuacha ngano.

Kuhusu Wazungu, hapana. Moja ya jamii zilizopimwa na kukutwa na seliaki kwa wingi zaidi duniani iko Afrika, ni Wasaharawi wa Sahara Magharibi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha asilimia 5.6 ya watoto wao wanao. Kote duniani makadirio huwa ni karibu mtu mmoja katika mia. Kuna vinasaba vinavyomweka mtu kwenye uwezekano wa kuupata, wataalamu wanaviita HLA-DQ2 na HLA-DQ8, na bila kimojawapo ni nadra sana mtu kuugua. Kaskazini mwa Afrika, Mashariki ya Kati na kaskazini mwa India upo sana, na Dar ina watu wa asili zote hizo, na waliochanganyika pia.

Nadhani sababu ya kuuona mgeni ni kwamba kwetu mtu akiharisha miezi tunafikiria amiba, taifodi, minyoo, VVU, kwanza. Ni sawa kuanza na hayo. Tatizo ni kuishia hapo wakati vipimo vyote vimerudi safi na mtoto bado anakonda.

Hata Ulaya walichelewa kuijua ngano. Daktari Samuel Gee wa London alieleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1888 na akasema tiba itatoka kwenye chakula, lakini hakujua chakula kipi. Aliyeshika uzi ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya vita, na ilipofika njaa kuu ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika, watoto wenye ugonjwa huo wakawa na nafuu. Mkate uliporudi, wakaanza kuugua tena. Huwa nawasimulia wazazi habari hii wakiniambia "lakini mkate mmoja utamfanya nini".

Na hili nawaomba sana wote mnaosoma na kujishuku: MSIACHE NGANO KABLA YA KUPIMWA. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, kisha daktari anaweza kupitisha kamera tumboni na kuchukua kinyama cha utumbo. Ukishaacha ngano muda mrefu utumbo unaanza kupona na kingamwili zinashuka, kipimo kinarudi safi wakati ugonjwa unao. Pimwa kwanza ukiwa unakula kama kawaida, ndipo uache.

Kuna pia wenye mzio wa ngano, ambao ni kitu kingine. Huyo anaweza kuvimba midomo au kubanwa pumzi papo hapo, na huyo haendi kuuliza karai, anakimbizwa hospitali.

Mdau wa Temeke

Nimeelewa nesi, ahsante. Nina mpwa wangu ana hali kama hiyo ya kukonda na damu kupungua, nitamwambia dada yangu aulizie.

Mdau wa Unguja

Assalaam alaykum. Wageni wengi wakifika Dar wanapanda boti kuja huku, basi nami nitie langu, maana chakula chetu kina mitego yake.

Urojo kwanza. Watu wanaona maembe mabichi, viazi, bagia, wanadhani rangi ile ya njano ni manjano matupu. Uzito wa urojo ni unga wa ngano uliokorogwa. Usiuguse, na siku hizi unauzwa hata huko Dar kwa jina la Zanzibar miksi. Bokoboko ni ngano yenyewe imepondwa na nyama, na kwenye harusi huletwa karibu na wali, ukiitazama haraka huijui. Viazi karai hutumbukizwa kwenye unga kabla ya kukaangwa. Katlesi na kababu zina mkate ndani au nje. Mkate wa ufuta, wa ajemi, boflo, hayo yanajulikana.

Sasa ya kufurahia: mkate wa kumimina ni mchele na nazi, ukikuta mtengenezaji asiyechanganya. Vileja ni unga wa mchele, ila muulize naye. Biriani na pilau, wali na samaki wa kupaka, mseto wa choroko, pweza wa nazi. Forodhani usiku chukua samaki wa kuchoma uliyemchagua mwenyewe na umwombe akuwekee kwenye karatasi mpya juu ya wavu, kwa sababu meza ile ile inachoma mikate ya kusindikizia.

Mdau wa Kisutu

Naongeza la migahawa ya Kihindi ya Kisutu na Upanga, kwa kuwa wengi huelekezwa huko wakisikia hakuna nyama wala ngano. Dosa na idli ni mchele na dengu nyeusi, zimechachushwa, na kwa asili hazina gluteni. Dhokla ya dengu vilevile, ingawa nyingine hutiwa semolina, ambayo ni ngano. Kinachowapita watu ni hing, kile kiungo cha harufu kali kinachotiwa kwenye sambari na kwenye dali. Hing ya kopo mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano ili isigande. Kiasi ni kidogo, lakini kwa mwenye seliaki tumeshaambiwa hapo juu kidogo kinafanya nini. Sisi nyumbani tuna shangazi mwenye ugonjwa huu na tunaagiza hing iliyochanganywa na unga wa mchele. Mgahawani yeye hula dosa kavu na chatne ya nazi, na husema mapema.

Mleta uzi

Ya hing ni mpya kwangu, nimeinakili.

Sasa safari zenyewe. Mabasi ya mikoani yanaondoka Mbezi, kituo cha Magufuli, na mengi yanakugawia maji au soda na pakiti ya biskuti au keki. Mpe jirani. Basi likisimama kula, Chalinze, Korogwe au popote, mnapewa dakika chache na jiko lina pilika za abiria mia. Pale si mahali pa mahojiano na mpishi. Mwenye seliaki anapanda basi na chakula chake, na kituoni ananunua vyenye ganda tu: ndizi, machungwa, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, dafu.

Kuhusu cha kufunga, wali wa nazi usiufunge kwa safari ya mchana kutwa, kwa joto hili unachacha kabla hujafika. Wali mkavu wa mafuta unavumilia zaidi, lakini mimi napendelea viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha iliyokauka vizuri, kuku wa kuchoma wa nyumbani, karanga na korosho. Beba kijiko na sahani yako na kisu kidogo. Mtu anayeshuka basini usiku Mbeya na viazi viwili mfukoni halazimiki kukubali chapati kwa sababu ya njaa, na njaa ndiyo huwa inatuangusha.

Treni ya SGR ya Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, ni safari fupi, kula kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Kwa ndege, wakati wa kukata tiketi omba mlo maalumu wa herufi GFML, ni alama inayotumika na mashirika karibu yote kwa mlo usio na gluteni. Omba mapema, siku mbili au zaidi kabla, na siku ya safari beba cha kwako vilevile, maana kuna safari ndogo ambazo wanagawa kitafunwa kimoja kwa wote.

Kwa wanaokaa Dar muda mrefu kidogo, kama kaka wa Mwanza, jipikie ukiweza. Sokoni Tandale au Kariakoo nafaka zinapimwa kwa sado, na sado iliyochota ngano sasa hivi inachota ulezi wako dakika ijayo. Chagua nafaka nzima, ipepete, ioshe, ianike. Mashine ya kusaga ndiyo kubwa zaidi. Tafuta mashine inayosaga mahindi tu, Manzese zipo nyingi za sembe kutwa nzima. Iliyoandikwa "tunasaga unga wa lishe" ipite. Kama ni hiyo tu iliyo karibu, nenda asubuhi ya kwanza, toa mahindi yako kilo kadhaa yatangulie, huo unga wa mwanzo wape kuku, kisha saga wako.

Supamaketi za Masaki na Mikocheni zina tambi na biskuti zisizo na gluteni kutoka nje. Bei ni kubwa. Kama unanunua, tafuta alama ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari, au maandishi kwamba haina gluteni. Kiwango cha kimataifa cha kuandika hivyo ni isizidi miligramu 20 kwa kilo. Oti nazo, hata kama zenyewe hazina gluteni ya ngano, nyingi zinalimwa na kusindikwa pamoja na ngano, kwa hiyo chukua zenye alama hiyo tu.

Mdau wa Mwanza

Dada, na vinywaji? Mimi si mlevi ila jioni moja moja.

Mleta uzi

Bia ya kawaida ni shayiri, iache. Mbege ya Wachaga ni ndizi na ulezi, na togwa ni mahindi na kimea cha ulezi, hizo zina nafaka zetu, ila ulezi wenyewe uwe umesagwa pasipo ngano. Mvinyo wa zabibu wa Dodoma hauna nafaka. Lakini muulize daktari wako kwanza, utumbo wako bado unapona.

Nesi

Na kaka, ukija kliniki njoo na karatasi ya vipimo vya Mwanza, vyote, hata vya damu tu. Itakuokoa kuanza upya. Tena hakikisha daktari anajua kama umeshaacha ngano na tangu lini.

Mdau wa Mwanza

Nimeacha baada ya kamera, nesi. Karatasi ninazo zote. Mama wa Ilala, nikimaliza kliniki naweza kufika kwako?

Mama lishe wa Ilala

Njoo mwanangu. Nitumie ujumbe jioni ya kabla yake kupitia kwa huyu anayeniandikia. Nitanunua mafuta mapya ya samaki wako, tutagawana gharama, na nitamkaanga kwenye kikaango cha ndani kwangu ambacho hakijawahi kuona andazi. Unataka sato au changu? Sato wa Dar hawezi kumpendeza mtu wa Mwanza, nakushauri changu. Ugali au wali utaniambia. Fika kabla ya saa sita.